Saluni ya Theluji: Nunua Matairi Kwanza, Gari Baadaye

Nimepotea kidogo, kazi imenibana, na wale waliokuwa wakingojea sehemu ya pili ya ile habari ya hifadhidata watanisamehe. Leo naandika kuhusu magari. Najua hapa tumezoea tarakilishi na programu, lakini vumilieni, mtaona mbele kwamba sijatoka mbali sana na mambo yetu.

Chanzo ni dadangu mdogo. Alifika huku Minnesota mwezi wa nne. Ni muuguzi, na amepata kazi ya zamu ya usiku katika nyumba moja ya wazee iliyo kama kilomita 35 kutoka hapa Brooklyn Park tunapoishi. Tangu aanze nimekuwa nikimpeleka saa nne na nusu usiku na kumchukua saa moja asubuhi, halafu naingia kwenye mkutano wa kazi saa tatu nikiwa na macho kama ya bundi. Sasa majani yameanza kuanguka, theluji iko njiani, na anataka gari lake mwenyewe. Amejiwekea dola 12,000. Juzi Jumapili baada ya ibada alifanya kosa la kulitaja jambo hili mbele ya watu. Kabla chai haijapoa, kila Mkenya aliyekuwa pale alikuwa amemchagulia gari.

Wote walichagua gari moja: lile kubwa la juu, lenye magurudumu yote manne yanayovuta, linaloitwa SUV. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, amekaa huku tangu 1998, alimwambia, "Mwanangu, theluji ya huku si mchezo. Chukua gari lenye uzito. Pesa zisipotosha, benki itakukopesha, wewe ni muuguzi." Na kweli itamkopesha, kwa riba ambayo nikiitaja hapa mama yetu ataisikia akiwa Nakuru bila simu.

Mimi sikubaliani na mzee. Nilinyamaza kwa sababu ya adabu, lakini blogu ni yangu, kwa hivyo naongea hapa. Maoni yangu ni haya: dadangu anunue saluni ya kawaida (saluni ya barabarani, si ya kusuka nywele), na kabla hajatia saini karatasi yoyote atenge pesa za matairi manne ya theluji. Sio za ziada zikibaki. Zitoke mbele. Gari litachaguliwa na kile kitakachobaki.

Tuanze nyumbani, kwa sababu wengi wenu mko Nairobi na mnajiuliza theluji inawahusu nini. Inawahusu. Wewe mwenye Mark X, angalia karibu na gia. Kuna kitufe kimeandikwa SNOW. Umewahi kukibonyeza pale Mombasa Road ukaona hakuna kinachotokea, ukadhani kimeharibika. Hakijaharibika. Gari lile liliundwa kwa watu wa Japani, na sehemu kubwa ya Japani, kuanzia Niigata hadi Aomori na kisiwa chote cha Hokkaido, hufunikwa na theluji nyingi kuliko hata hii yetu ya Minnesota. Kitufe kile kinaiambia gari ipunguze ukali wa mafuta unapokanyaga, ili magurudumu ya nyuma yasizunguke bure kwenye utelezi. Kuna Premio na Allion pia ambazo zilitengenezwa zikivuta kwa magurudumu yote manne kwa ajili ya watu wa huko. Mwenzetu anainunua bandarini Mombasa kwa sababu bei ilikuwa nzuri, halafu anashangaa mbona inakunywa mafuta kuliko ya jirani. Ana shafti na difu ya nyuma anazozibeba kutoka Rongai hadi mjini kila siku, zikingojea theluji ambayo haitakuja.

Na kuna jambo moja baya zaidi. Magari mengine hushuka melini yakiwa bado na matairi ya theluji ya Kijapani. Yanaonekana mazuri, yana vijia vingi vyembamba, mpira wake ni laini ukiuminya kwa kidole, na fundi atakuambia "hizi ni za kwao, ziko poa". Haziko poa. Mpira ule uliundwa kubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Voi saa nane mchana unakuwa kama chapati ya moto: unalika haraka, na ukifunga breki gari linakwenda mbele zaidi ya lilivyopaswa. Ukiyakuta, yatoe. Sisemi haya kuwatisha, nasema kwa sababu ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuieleza, ila imepinduliwa kichwa chini.

Tairi ni mpira, na mpira una joto lake. Tairi la kawaida la kiangazi likifika chini ya nyuzi 7 hivi linaanza kukakamaa. Waliokulia Kinangop au Limuru wanajua akala zinavyokuwa asubuhi ya mwezi wa saba: ngumu kama ubao, na kwenye nyasi zenye umande unateleza mpaka mtoni. Sasa fikiria Minneapolis. Usiku wa kawaida wa Januari ni kama nyuzi 13 chini ya sufuri. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilifika 33 chini ya sufuri. Tairi la kiangazi hapo si tairi tena, ni kipande cha plastiki cha mviringo.

Tairi la theluji lina mchanganyiko mwingine wa mpira unaobaki laini kwenye baridi hiyo, na uso wake umekatwakatwa kwa mamia ya vijia vyembamba sana ambavyo hufunguka na kuuma theluji. Wafini ndio waliolianzisha jambo hili: mwaka 1934 kiwanda kimoja cha mpira cha Finland kilitoa tairi la kwanza la majira ya baridi, la malori, na mwaka 1936 likafuata la magari madogo lililoitwa Hakkapeliitta, jina ambalo bado linauzwa mpaka leo. Sasa sikilizeni hii, wapenzi wa simu. Kiwanda hicho kiliungana na kampuni ya Nokia mwaka 1967, kisha idara ya matairi ikatengwa mwaka 1988 ikawa kampuni yake yenyewe, Nokian. Kwa hivyo ile mulika mwizi iliyokaa na chaji siku sita mfukoni mwa babu yako ni binamu wa tairi ninalotaka kumfungia dadangu. Nilipoigundua habari hii nilifurahi siku nzima. Mke wangu hakufurahi kiasi hicho.

Sasa turudi kwa mzee na hoja yake ya uzito. Naomba nifanye hesabu ndogo ya fizikia ya kidato cha tatu. Umbali wa kusimama ukifunga breki ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya msuguano mara nguvu ya mvutano wa dunia. Angalia tena. Uzito wa gari uko wapi? Haupo. Gari zito linakandamiza barabara zaidi, ndiyo, lakini pia lina nguvu zaidi ya kuzuiwa, na viwili hivyo vinakatana. Kilichobaki ni mwendo na msuguano, na msuguano uko kwenye mpira na kile mpira unachokanyaga.

Weka namba. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 13.9 kwa sekunde. Kwenye lami kavu msuguano ni kama 0.8, unasimama baada ya mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, tuseme 0.25 kwa tairi la misimu yote lililotumika kidogo: mita 39. Kwenye barafu tupu ya 0.1: mita 98, karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira. Sasa tuseme tairi la theluji linakupandisha kutoka 0.25 hadi 0.35 tu, sio muujiza. Unasimama baada ya mita 28. Mita kumi na moja zilizookolewa zinaonekana chache, ni kama saluni mbili na kidogo zikifuatana. Lakini mahali pale wewe uliposimama, mwenzako mwenye tairi la misimu yote bado anakwenda karibu kilomita 27 kwa saa. Na kama wewe ndiye mtu anayevuka barabara kwa miguu, kilomita 27 kwa saa si namba ya karatasini.

Magurudumu yote manne kuvuta yanaongeza nini kwenye hesabu hiyo? Hakuna. Kila gari duniani lina breki kwenye magurudumu manne. Kuvuta kwa manne kunakusaidia kuondoka. Kunakusaidia kupanda mlima, kutoka kwenye maegesho yaliyojaa theluji, kuingia barabara kuu bila kuzungusha tairi. Ni kitu kizuri na sikatai. Tatizo lake ni kwamba kinakuongopea. Katika gari la kuvuta magurudumu mawili, theluji inakuonya mapema: unakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka bure, unajiambia leo nitakwenda polepole. Katika gari la magurudumu manne unaondoka kama siku ya jua, na habari ya kwanza unayoipata kuhusu utelezi unaipata kwenye taa nyekundu.

Najua kwa sababu yalinikuta. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilinunua saluni ya magurudumu yote manne, nikiwa na kiburi cha mtoto aliyekua akishangilia Patrick Njiru akikimbiza Subaru kwenye Safari Rally. (Gari langu sitalitaja, halikuwa na kosa lolote.) Matairi yalikuwa ya misimu yote, yamelika nusu. Asubuhi moja ya Desemba nilishuka kilima kidogo, nyuma ya basi la shule, nikiwa nimetulia kabisa, redio inaimba. Basi likasimama. Nikakanyaga breki. Mguu ukatetema, gari likaendelea kwa utulivu uleule kana kwamba sijafanya kitu. Nilikuwa na muda wa kuona nyuso za watoto wawili kwenye kioo cha nyuma. Mmoja alinipungia mkono. Niligeuza usukani nikapanda kando, nikapiga nguzo ya sanduku la barua la mtu, nikasimama hapo nikitetemeka vibaya kuliko breki. Mwenye nyumba alitoka na kahawa yake, akaangalia nguzo, akaangalia matairi yangu, akanipa ushauri wa neno moja: "Matairi." Wiki hiyo niliyanunua. Sanduku nililipa pia.

Hapo kwenye mguu kutetema ndipo mambo yetu ya programu yanapoingia. Ule mtetemo ni ABS: kihisio kwenye kila gurudumu kinahesabu mzunguko, na programu inapoona gurudumu limefungika inaachia breki na kuifunga tena mara nyingi kwa sekunde ili uweze kuendelea kuelekeza gari. Ilianza kuuzwa kwenye magari ya Mercedes mwaka 1978, kazi ya Bosch. Mwaka 1995 wakaongeza kitu chenye akili zaidi: programu inayosoma usukani umeelekezwa wapi na gari lenyewe linageuka kiasi gani, na zisipolingana inafunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, kulirudisha gari kwenye mstari. Huu mtambo wa kudhibiti utulivu ndio ninaouona kuwa programu bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, na watu wengi hawajui kwamba wanao. Mwaka 1997 gari jipya dogo la Mercedes, A-Class, lilipinduka katika jaribio la jarida moja la Uswidi, la kukwepa kitu barabarani kwa ghafla. Ilikuwa aibu kubwa. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa kuweka programu hii kwenye kila moja, na kutoka hapo ikaanza kushuka kutoka magari ya matajiri mpaka ya kwetu sisi.

Marekani iliilazimisha kwenye magari yote madogo kuanzia modeli ya 2012. Taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima, IIHS, hukadiria kwamba inapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali ya kifo inayohusu gari moja peke yake, yaani zile za kuteleza na kuingia mtaroni. Kwa hivyo sheria yangu kwa dadangu ni rahisi: modeli ya 2012 kuja juu. Ya 2009 hata ikiwa safi kama sahani, na hata ikiwa na viti vya ngozi, kama haina mtambo huu tunaipita.

Lakini programu haiwezi kuzalisha msuguano ambao haupo. Sisi tunaoandika programu tunajua jambo hili kwa uchungu. Unaweza kupanga foleni vizuri, unaweza kugawa kazi kwa akili, lakini waya ukiwa mwembamba, data itapita kwa kiasi cha waya. Viganja vinne vya mpira vinavyogusa barabara ndio waya wenyewe. Asubuhi ile ya basi la shule programu yangu ilifanya kazi yake yote bila hitilafu hata moja. Iligawa kwa haki kabisa msuguano ambao sikuwa nao.

Gari gani basi? Hapa ninyi mashabiki wa Subaru mtanisikiliza kwa huzuni. Legacy, saluni iliyouzwa huku tangu 1989 na kujengwa Indiana, imefika mwisho. Kampuni ilitangaza mwaka 2024 kwamba modeli ya 2025 ndiyo ya mwisho. Impreza huku sasa haitengenezwi tena kama saluni, imebaki ile ya mlango wa nyuma. Saluni yao pekee iliyobaki Marekani ni WRX, na kumpa muuguzi wa zamu ya usiku WRX ni kumtafutia faini. Kwa mwenye pesa za gari jipya, Camry tangu modeli ya 2025 ni haibridi zote na unaweza kuichukua ikiwa na mota ya umeme inayosukuma magurudumu ya nyuma, na Mazda3 ya saluni inapatikana ikivuta kwa manne tangu modeli ya 2019. Wajerumani wana zao na bei zao.

Kwa dola 12,000 tunazungumzia yaliyotumika. Nilimwekea dadangu mawili mezani: Legacy ya 2015, na Camry ya 2014 inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Moyo wangu uko kwa Legacy, nakiri. Kama pesa zingetosha gari pamoja na matairi, ningesema hiyo. Lakini hazikutosha vyote viwili bila kukopa. Na kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji: katika gari linalovuta kwa manne, matairi yanapaswa kulingana kwa ulikaji, la sivyo mtambo wa katikati unateseka ukijaribu kusawazisha mizunguko isiyolingana. Ukipasua tairi moja kwenye shimo (na mashimo ya hapa mwezi wa tatu, barafu ikiyeyuka, yatakukumbusha nyumbani), unaweza kulazimika kununua manne.

Camry ya magurudumu ya mbele ina injini na gia zote juu ya magurudumu yanayovuta. Uzito uko mahali unapohitajika. Ikiwa na matairi ya theluji itaondoka vizuri vya kutosha, na itasimama kabla ya lile gari kubwa la mzee lenye matairi ya misimu yote. Narudia hili kwa sababu ndilo watu hawaamini: itasimama kabla.

Kuhusu matairi yenyewe, someni ubavuni. Herufi M+S maana yake ni matope na theluji, na ni maelezo tu ya mtengenezaji kuhusu jinsi uso ulivyokatwa. Hakuna mtihani lililofanya. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo inapatikana kwa mtihani, ingawa huku mtihani wenyewe unapima zaidi kuvuta kwenye theluji iliyoshindiliwa, si barafu. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haitambui tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi. Québec nchini Kanada tangu 2008 imelazimisha matairi ya baridi kwa kila gari dogo la huko. Minnesota hailazimishi chochote, na inakataza wakazi kutumia yale yenye misumari kwa sababu yanachimba barabara. Kwa hivyo kila mtu ameachiwa akili yake.

Nunua yakiwa yamefungwa kwenye rimu zake za chuma. Utayabadilisha mwenyewe kwa jeki mwezi wa kumi na moja na tena mwezi wa nne, bila kumlipa mtu. Watu wanalia kwamba ni gharama maradufu. Sio maradufu. Wakati haya yanatembea, yale ya kiangazi yamelala gerejini hayaliki.

Sasa niwe mkweli, maana mzee ana hoja moja ambayo siwezi kuipangua kwa hesabu. Saluni iko chini. Tumbo la Camry liko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Theluji ikianguka zaidi ya hapo na greda halijapita, gari linapanda juu ya theluji kama mtumbwi, magurudumu yananing'inia, na hapo tairi la malaika halitakusaidia. Minneapolis hupata kama sentimita 130 kwa msimu mzima, lakini huwa haziji kwa awamu sawa. Wazee wa huku bado wanasimulia dhoruba ya Halloween ya 1991, sentimita 72 kwa siku chache. Na dadangu hatoki kazini saa anayotaka. Anatoka muuguzi wa asubuhi akifika, na wa asubuhi asipofika, yeye habanduki, kwa sababu ghorofa nzima ya wazee haiwezi kuachwa peke yake. Siku kama hiyo ushauri wangu kwake ni kulala palepale kazini. Ameshanunua blanketi la kuweka buti, pamoja na sepeto, mfuko wa mchanga na nyaya za kuamshia betri. Siku mbili tatu kwa mwaka za namna hiyo sioni kama ni sababu ya kulipa deni la miaka sita.

Jambo la mwisho kwa wanunuzi: laleni chini ya gari mkaangalie. Barabara za huku hutiwa chumvi kuanzia Novemba, na chumvi inakula chuma kama upepo wa bahari unavyokula mabati Likoni. Tuliliona moja lenye rangi inayong'aa kama kiatu cha mchumba, chini yake niliweza kupitisha kidole kwenye fremu. Muuzaji alisema ni "kutu ya juu juu". Kidole changu kilikuwa kimeingia mpaka pingili ya pili.

Jumanne jioni nilimweleza dadangu yote haya, hesabu na mchoro, nusu saa nzima. Alisikiliza akimenya machungwa. Kisha akauliza, "Kaka, hiyo Camry na matairi yake, inabaki ngapi?" Nikamwambia. Akasema basi imetosha, kwa sababu kitindamimba wetu aliyeko chuo kikuu Eldoret ana karo ya muhula, na deni la benki lingeila. Hakuwa na haja ya fizikia.

Tumelilipa jana, dola 9,800 taslimu, baada ya fundi kulikagua. Matairi na rimu, dola 860, yanafika Alhamisi. Theluji ya kwanza ikianguka nitampeleka uwanja wa kuegesha wa kanisa, usiku ukiwa mtupu, akanyage breki kwa nguvu mara ishirini mpaka mguu wake uzoee ule mtetemo na asiuachie. Mzee amesikia. Amesema atakuja na gari lake kubwa, tupimane.